Prius ya 2008, betri ya sola na chaji ya soketini

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Morogoro. Nimenunua Toyota Prius ya 2008, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, kwa bei ya chini kwa sababu inawasha taa ya onyo ya pembetatu nyekundu; mashine ya kupimia hitilafu imesoma kosa namba P0A80. Nyumbani nina betri ya sola ya lithiamu, volti 51.2, ampea 100 kwa saa, imekaa tu. Nataka kuifunga kwenye buti ili gari niwe nalichaji usiku kwa soketi ya kawaida, maana kwenda mjini na kurudi ni kilomita 20. Naweza kuifanya kazi hii mwenyewe? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, fundi. Inawezekana, na wamekutangulia watu. Mwaka 2004 kule California, kikundi cha CalCars cha Felix Kramer kilifunga betri za asidi kwenye Prius ya toleo hilihili lako, na kazi ile ilifanyika kwenye gereji ya nyumbani kwa mhandisi Ron Gremban. Baadaye Wamarekani wakauziana vifaa kamili: kulikuwa na Hymotion L5 yenye uniti 5 za umeme, na kulikuwa na vya betri ya volti 48 iliyounganishwa na konveta ya kupandisha volti. Wazo lako linafanana na hivyo vya pili.

Ila umeanzia mkiani. P0A80 maana yake betri kubwa ya gari, ile iliyo nyuma ya kiti cha nyuma, imechoka. Wengi wanaoniuliza wanadhani betri ya sola itachukua nafasi yake. Haitachukua. Gari likikanyagwa kupanda kilima linavuta zaidi ya kilowati 20 kwa sekunde chache, na likipigwa breki linarudisha umeme kwa nguvu hiyohiyo. Betri yako ya sola, kama zilivyo nyingi, huenda imeandikwa ampea 50 za kuendelea. Zidisha kwa volti 51: unapata kilowati 2.5. Hizo hazilitoi gari kwenye taa za barabarani. Betri ya asili ndiyo inayopokea mishtuko. Ya kwako kazi yake ni kuilisha polepole, kama pampu ndogo inayojaza tangi usiku kucha. Tangi likiwa limetoboka, pampu haina faida.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiguse betri ya sola kabisa. Betri ya asili ni ya nikeli, ina moduli (vipande) 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6, na kontroli boksi ya betri inazisoma mbilimbili, yaani makundi 14. Mara nyingi moduli moja au mbili ndizo zimekufa, nyingine nzima. Anza na feni ya kupoza, ile yenye tundu la hewa pembeni ya kiti cha nyuma. Nilifungua Prius moja iliyofanya kazi ya teksi, nikakuta mapanga ya feni yamevikwa vumbi na nyuzi za zulia mpaka yamekuwa kama blanketi. Moduli za katikati, ambazo hewa huzifikia kwa shida, ndizo zilikuwa zimevimba. Tazama pia vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Vikiwa na kutu ya kijani, usomaji unadanganya, na unaweza kutupa moduli isiyo na kosa.

Sasa hatari, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ufundi wako wa majumbani unaweza kukuponza. Umeme wa nyumbani unageuka upande na kupita sifuri mara 100 kila sekunde, ndiyo maana cheche ndani ya swichi hufa yenyewe. Umeme wa betri haupiti sifuri hata mara moja. Cheche ikishawaka kwenye DC, yaani umeme huo wa betri, ya volti 200 inaendelea kuwaka mpaka chuma kiyeyuke. Nimeshika mkononi sakitibreka ya nyumbani ambayo mtu aliifunga kwenye betri ya gari: kwa nje ilikuwa nzima, ndani midomo ya shaba imeyeyuka na kugandana, haizimi tena. Usitumie swichi, fyuzi wala kontakta (swichi inayovutwa na sumaku) ambayo haikuandikwa DC na volti zake.

Kabla ya kufungua chochote, zima gari, weka funguo mbali, chomoa nguzo ya betri ndogo ya volti 12, kisha vuta ile plagi ya usalama ya rangi ya chungwa na uitie mfukoni mwako, si juu ya meza. Subiri dakika 5 kapasita za inveta ziishiwe, halafu pima. Vaa glavu za mpira za volti 1000, na kila siku kabla ya kuzivaa zikunje zijae hewa uone kama zinavuja. Kumbuka jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: plagi ile inaikata betri vipande viwili, haiiui. Kila kipande bado kina volti za kutosha kukuua.

Betri ya asili ikishapona na pembetatu imezimika, ndipo tuongee konveta. Inatakiwa ipokee volti 48 na kutoa volti 200 na ushee, na iwe ya aina ambayo pande mbili hazishikani kwa waya. Mfumo mkubwa wa Prius haugusi bodi ya gari hata kwa uzi, na kontroli boksi inalichunguza hilo kila wakati. Ukiunganisha hasi ya betri ya sola kwenye bodi na konveta yako haijatenga pande zake, utapata kosa namba P0AA6, la umeme mkubwa kugusana na bodi, na gari litagoma. Ina haki kugoma.

Mahali unapounga waya za konveta ndipo siri ya kazi nzima ilipo. Kwenye kebo ya betri ya asili kuna sensa inayohesabu umeme unaoingia na kutoka. Unga upande wa gari, baada ya sensa, ili kila ampea inayoingia kwenye betri ya asili ihesabiwe. Kontroli boksi ikiona betri inajaa, itapunguza kazi ya injini yenyewe, na hapo ndipo mafuta yanapookolewa. Ukiunga upande wa seli, umeme unaingia bila kuhesabiwa: gari linaamini betri ina njaa wakati imeshiba, linaendelea kuichaji, na betri ya nikeli ikizidishiwa inachemka. Konveta pia iwe na kikomo cha volti ili ijikate yenyewe, na iwake kwa kontakta inayopata ishara gari likiwa kwenye READY tu, yaani tayari kuendeshwa.

Fyuzi ya DC iwe pande zote mbili, ya upande wa volti 48 karibu kabisa na nguzo chanya. Kaza kila boliti kwa spana ya kipimo na urudie baada ya wiki. Mwaka 2008, kule South Carolina, Prius iliyofungwa betri ya ziada iliungua ikiwa barabarani, na uchunguzi ukaelekeza kwenye maungio ya boliti ambayo hayakufungwa sawasawa. Kitu kidogo namna hiyo. Betri yenyewe, kilo 45 hivi, ifungwe kwa fremu ya chuma kwenye sakafu ya gari. Mkanda wa kamba hautaizuia isikufikie kisogoni ukigonga.

Kuchaji ni sehemu rahisi. Chaja ya lithiamu ya seli 16, ampea 15, inavuta chini ya ampea 5 ukutani na inamaliza kwa saa sita hivi. Weka waya wa ardhi wa kweli na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, hili unalijua kuliko mimi. Betri iliyopigwa jua kutwa iache ipoe kwanza, kwani nyingi za aina hii hazitaki kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45.

Je, inalipa? Betri yako ina uniti 5.1. Tumia asilimia 80, ondoa upotevu wa konveta, unabaki na 3.7, kama kilomita 23 za mjini. Kuijaza ni uniti 4.6 za LUKU. Tukikadiria uniti kwa shilingi 356 ni 1,640. Kilomita hizo kwa petroli ni lita 1.15, na tukikadiria shilingi 3,000 kwa lita ni 3,450. Unaokoa 1,800 kwa siku, kama 540,000 kwa mwaka wa siku 300. Na hiyo ni hesabu ya juu, kwa sababu injini lazima itawaka asubuhi kupasha moto, na itawaka ukipita kilomita 67 kwa saa hata betri ikiwa imejaa, ndivyo giaboksi yake ilivyo. Kwa kuwa betri unayo, unaweza kurudisha gharama. Kama ungetaka kuinunua, ningekwambia acha, tafuta Prius PHV ya 2012 na kuendelea, ambayo kiwanda kimeshaifunga betri ya uniti 4.4 au zaidi na soketi yake.

Bima yako iandikie barua kabla hujafunga waya wa kwanza, maana gari likiungua hawatasikiliza maelezo ya baadaye.

Kwa sasa fanya hivi: safisha feni, tafuta mashine inayosoma makundi yote 14, endesha gari dakika 20, kisha andika volti za kila kundi gari likiwa limetulia na tena likiwa linapanda kilima. Mwombe mtu akuandikie, wewe shika usukani. Nitumie namba hizo 28, nitakwambia ni moduli zipi za kutoa.