Je, wasichana wa Lowell walifuma merikani?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu wasichana waliofanya kazi katika viwanda vya nguo vya mji wa Lowell, Marekani, miaka ya 1830. Niliandika: "Walifuma merikani tangu alfajiri, na usiku walirudi kwenye gesti za kampuni." Mhariri amefuta "merikani" akaweka "kitambaa cha Marekani". Nani yuko sahihi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakuna kati yenu, ila kosa lako ni dogo kuliko la mhariri.

Merikani si kitambaa chochote kitokacho Marekani. Ni aina moja tu: pamba nzito, imara, yenye rangi yake ya asili, haikung'arishwa wala kutiwa rangi. Jina lilizaliwa huku kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, zikawa zinashusha marobota ya kitambaa hicho Unguja na kuondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Watu wa Pwani wakakiita kwa jina la waliokileta. Walilisikia neno la Kiingereza la kumtaja mtu wa nchi ile, wakalitia irabu mwishoni, likawa letu. Hata "Marekani", jina la nchi, limetoka humo humo. Ndiyo maana lina "ni" ambayo "Amerika" haina.

Kwa hiyo merikani ni jina la mnunuzi, si la mfumaji. Lilikuwa na maana Unguja, Bagamoyo na Tabora, ambako doti yake ilitumika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikatisha bidhaa hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bombay viliziba pengo, navyo vikaitwa merikani vilevile. Ni kama mtu anayeomba Colgate dukani, akapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine, akaondoka ameridhika.

Msichana wa Lowell hakulijua jina hilo. Kwake ilikuwa pamba tu, iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini, akausimamia mtambo saa kumi na mbili au zaidi kwa siku, madirisha yamefungwa ili hewa ibaki na unyevu na nyuzi zisikatike. Vitabu vilikatazwa kiwandani, basi wengine walibandika vipande vya magazeti na mashairi ukutani karibu na dirisha, wakawa wanaiba mstari mmoja mmoja. Baadaye wakaandika jarida lao wenyewe, Lowell Offering, lililotoka 1840 hadi 1845. Ukimtia mtu huyo neno merikani mkononi, unamvisha nguo ya Unguja. Na "kitambaa cha Marekani" cha mhariri ni kichekesho zaidi: nani aliyeko Dodoma husema amekula ugali wa Tanzania?

Makala yako ikifuata kitambaa hadi Unguja, hapo merikani irudi, kwa herufi ndogo, na iingie ngeli ya I-ZI: merikani imechanika, si "kimechanika". Wako wanaoandika "marekani" au "amerikani", nao hawakosei. Mimi hupenda merikani kwa sababu haigongani na jina la nchi.

Lililonishtua mimi ni "gesti", ambalo mhariri ameliacha lipite! Unajua linavyosikika masikioni mwetu. Wasichana wa watu watasingiziwa. Zile zilikuwa nyumba za kampuni zenye mwangalizi, mara nyingi mama mjane, milango ikifungwa saa nne usiku, na kanisani Jumapili ni lazima. Aliyesoma shule ya bweni anazijua: ni mabweni, na yule mama ni matroni. Tofauti ni kwamba chakula na malazi vilitoka kwenye mishahara yao, na kampuni zilipopandisha gharama hiyo mwaka 1836 waligoma wakaingia barabarani.

Ningeandika hivi: "Kengele iliwaamsha kabla ya mapambazuko, walifuma pamba kutwa, na jioni walirudi kwenye mabweni ya kampuni, chini ya jicho la matroni."