Jibu: Maktaba ya kuandika faili kwenye seva ya Windows kutoka ESP32

Habari ndugu. Nimeelewa kuwa kifaa chako cha ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) kinatakiwa kuandika vipimo kwenye folda ya pamoja iliyo katika seva ya Windows, lakini seva inakata muunganisho mara tu maktaba yako (msimbo uliotayarishwa unaotumiwa na programu yako) inapojitambulisha.

Angalia kwanza maktaba hiyo inatumia toleo gani la SMB, yaani itifaki ambayo Windows hutumia kushiriki faili kwenye mtandao. Tangu Windows 10 toleo la 1709, lililotoka mwaka 2017, SMB1, yaani toleo la kwanza, kwa kawaida haisakinishwi tena, na maktaba nyingi ndogo za zamani hazijui toleo jingine. Tafadhali usiiwashe SMB1 kwenye seva kwa ajili ya kifaa kimoja, kwani udhaifu wake ndio uliotumiwa na programu hasidi ya WannaCry mwaka huohuo.

Mimi hutumia libsmb2, iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo ina ndani yake uthibitishaji wa NTLM (njia ya Windows ya kuhakiki jina na nywila) na inaweza kutuma ombi bila kuisimamisha programu nzima ikingoja jibu. Andika data kwa vipande vidogo, kwa sababu ESP32 ya kwanza ina SRAM (kumbukumbu ya kazi) ya KB 520 tu, na Wi-Fi nayo inahitaji sehemu yake. Leseni ya libsmb2 ni LGPL 2.1, leseni ya programu huria; kwa kuwa utaiunganisha moja kwa moja ndani ya programu ya kifaa, mteja lazima aweze kuiunganisha upya programu hiyo na toleo la maktaba alilolibadilisha mwenyewe, kwa hiyo lizungumzeni hilo kabla ya kuuza.

TFTP, itifaki rahisi ya kuhamisha faili, ni nyepesi zaidi, ila haina nywila kabisa. Kama seva ingekuwa ya Linux, ningekushauri libnfs, maktaba ya NFS, itifaki nyingine ya kushiriki faili.