Maswali Yenu: Mfalme Aliyetupa Muhuri Mtoni

Wiki iliyopita nilimgusia James wa Pili, mfalme wa Uingereza aliyepoteza kiti mwaka 1688. Maswali yamemiminika, nachukua machache.

Aliponzwa na Ukatoliki wake tu? (Msomaji, Tanga)

La. Aliporithi ufalme Februari 1685 dini yake ilijulikana, na Bunge likampa mapato manono. Ugomvi ulianza alipowapa Wakatoliki vyeo jeshini kinyume cha sheria. Wabunge walipolalamika, Novemba akawaambia waende makwao, na Bunge hilo halikukaa tena. Mwaka 1687 akatoa tamko la kusimamisha sheria za dini. Mimi tamko lenyewe silichukii, maana hata Waprotestanti wasio Waanglikana waliruhusiwa kuabudu kwa uhuru. Lakini mfalme akisimamisha sheria hii yeye peke yake leo, bila Bunge, kesho itasalimika ipi?

Mwaka uliofuata akaamuru lisomwe makanisani. Askofu Mkuu Sancroft, kiongozi wa Kanisa la Anglikana, na maaskofu sita wakamwomba awaondolee mzigo huo. Akawafungulia mashtaka ya uchochezi, wakalala Mnara wa London, ngome iliyotumika kama gereza. Juni 30 wakaachiwa huru, na askari wa mfalme mwenyewe wakashangilia. Siku hiyohiyo wakubwa saba wakamwandikia William wa Orange, mtawala Mprotestanti wa Uholanzi na mkwewe mfalme, aje na jeshi.

Na kile kisa cha mtoto? (Msomaji, Nakuru)

Ah, hicho! Wengi walikuwa wanavumilia tu: mfalme ni mtu mzima, na mrithi ni binti yake Mary, Mprotestanti, mke wa William. Juni 10 malkia akajifungua mwana, ambaye angemtangulia Mary katika urithi na kulelewa Mkatoliki. Subira ikaisha. Mitaani wakavumisha kuwa mtoto si wake, kaingizwa chumbani ndani ya chombo cha kupashia kitanda joto, kile cha shaba chenye mfuniko na mpini mrefu, kinachotiwa makaa. Chumba kilikuwa kimejaa mashahidi, lakini nani alitaka kuwasikiliza?

Muhuri aliutupa kwa nini? (Msomaji, Mwanza)

William alitia nanga Torbay, pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, Novemba 5, maofisa wakamhama mfalme, hata binti yake Anne. Usiku wa Desemba 11 James akatoroka London, na njiani akautosa Muhuri Mkuu katika mto Thames, akitumaini kwamba pasipo muhuri Bunge halitaitishwa. Wavuvi wa Kent wakamnasa wakidhani ni padri anayejificha, wakampekua kama mwizi wa kuku. Akarudishwa, kisha William akaacha mlango wazi makusudi. Akavuka hadi Ufaransa.

Kwa hiyo Bunge lilimfukuza? (Msomaji, Tanga tena)

Halikuthubutu kulitamka. Lilisema amejiuzulu kwa kukimbia, kiti ki wazi, likawapa William na Mary Februari 1689.

Ni kama Sultani Jamshid wa Zanzibar? (Msomaji, Muscat)

Wote walikimbia kwa chombo. Ila Jamshid aliondolewa na mapinduzi ya Januari 12, 1964, ugomvi mwingine kabisa, na alikokimbilia ni hukohuko Uingereza.

Leo Mkatoliki anaweza kutawala kule? (Msomaji, Bujumbura)

Bado. Tangu 2015 mrithi anaruhusiwa kuoa Mkatoliki, lakini yeye mwenyewe akiwa Mkatoliki, kiti kinampita.