Jackie Coogan: pesa zilienda wapi?

Je, Jackie Coogan, nyota mtoto wa filamu wa Marekani, alifilisika kwa anasa zake? Hapana. Alizaliwa 1914, akapata umaarufu 1921 alipoigiza na Charlie Chaplin katika filamu The Kid, na utotoni aliingiza dola milioni 3 hadi 4 kwa makadirio. Shida ilikuwa sheria ya California ya wakati ule: kipato cha mtoto kilikuwa mali ya wazazi. Baba yake alikufa kwa ajali ya gari 1935, na pesa zikabaki mikononi mwa mama na baba wa kambo. Coogan aliwashtaki 1938, akaambulia takriban dola 126,000 tu. Inauma, maana kazi aliifanya yeye.

Kesi hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Coogan ya 1939, ya kulinda kipato cha watoto waigizaji. Ila ilikuwa na tundu kubwa: iligusa mikataba iliyopitishwa na mahakama tu, kwa hiyo watoto wengi waliachwa nje. Marekebisho ya mwaka 2000 ndiyo yaliyosema wazi kwamba kipato ni mali ya mtoto mwenyewe. Mwajiri hukata 15% ya malipo ghafi, kabla ya kodi na kamisheni ya wakala, na kuziweka kwenye akaunti maalumu isiyoguswa hadi mtoto afikishe miaka 18. Mzazi ndiye hufungua akaunti hiyo. Akichelewa, fungu hilo hukwama.

Coogan mwenyewe alionekana kwenye televisheni kuanzia 1964 kama mhusika Uncle Fester katika kipindi cha vichekesho cha The Addams Family. Alifariki 1984.