Inveta ya mota: soma bati kabla ya kutoa pesa

Ukiulizia inveta katika maduka mengi ya Mombasa, utaletewa ile ya sola. Hiyo siyo. Inayozungumziwa hapa ni ile ya kuongoza mwendo wa mota ya fezi tatu. Huupokea umeme wa 50 Hz, huugeuza uwe DC (mkondo wa upande mmoja), kisha huukatakata kwa transista na kuutoa tena ukiwa wa fezi tatu, kwa masafa (Hz, idadi ya mitikisiko kwa sekunde) unayotaka wewe. Masafa yakishuka, mwendo nao unashuka: mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) inayozunguka kama mara 1,430 kwa dakika kwenye 50 Hz, ukiiweka 25 Hz itazunguka karibu nusu ya hapo.

Inveta nyingi zinazofika kwa fundi zikinuka moshi zilikosewa dukani, kabla hata ya kufungwa. Mteja anasema "nina mota ya hospawa tatu," muuzaji anamfungia kiboksi kilichoandikwa 3 HP, biashara imekwisha. Hospawa haitoshi. Piga picha bati la mota, kile kibati chenye maelezo yake, kwa simu uende nayo. Unahitaji volti, ampea, Hz, mizunguko kwa dakika, na alama ya delta (Δ) au ya stari (Y), namna mbili za kuunganisha nyaya zake. Tuchukue mfano mmoja tutembee nao: 2.2 kW, 230/400 V Δ/Y, 8.6/5.0 A, 50 Hz, mizunguko 1,425. Yaani ikiwa delta hutumia 230 V na ampea 8.6, ikiwa stari 400 V na ampea 5.0.

Inveta huchaguliwa kwa ampea. Ampea zake za kutoa lazima zifikie au zizidi za mota, kwa volti utakayoitumia. Mota kuukuu, au yenye poli sita, huvuta ampea nyingi kuliko mota mpya ya poli nne yenye kW zile zile, na hapo ndipo mwenye kuamini hospawa anaponaswa. Kisha tazama kazi yenyewe. Feni na pampu huanza kwa wepesi. Kinu cha kusaga unga, konveya na kompresa ya pistoni huanza kwa uzito, na zinahitaji inveta inayoweza kubeba asilimia 150 ya ampea zake kwa dakika nzima. Baadhi ya inveta zimeandikwa ukubwa mara mbili, mmoja wa kazi nyepesi na mmoja wa kazi nzito. Kwa kinu soma ule mdogo, na ukiweza panda ngazi moja juu. Mahindi yakijaa ghafla, utaona faida yake.

Sasa umeme. Nyumba nyingi za Kisauni, Likoni na Mtwapa zina fezi moja ya 240 V. Inveta ya kuingiza 240 V hutoa fezi tatu, lakini kila fezi kwa nyingine ni 240 V, basi. Haipandishi hadi 415 V za umeme wa fezi tatu. Kwa hiyo mota ya mfano wetu lazima iunganishwe delta. Fungua kisanduku chake: kuna vituo sita, safu moja W2, U2, V2 na nyingine U1, V1, W1. Ukikuta W2, U2 na V2 zimeunganishwa kwa vibati vya kulala, hiyo ni stari. Vitoe, uviweke wima: W2 kwa U1, U2 kwa V1, V2 kwa W1. Hiyo ni delta. Kazi ya dakika tano, na watu huisahau. Mota ikibaki stari kwenye 240 V, nguvu yake ya juu kabisa ya kuzungusha hushuka hadi kama theluthi. Itazunguka vizuri ikiwa tupu, halafu ikitwishwa mzigo inaguna na inveta inajizima. Lawama zote kwa inveta, na kosa liko kwenye vibati vitatu vya shaba.

Bati likisema 400/690 V, au 415 V delta peke yake, kama ilivyo kawaida kwa mota za 4 kW kwenda juu, mota hiyo inahitaji inveta ya 415 V na fezi tatu kutoka kwenye mita. Zipo inveta zinazopandisha 240 kuwa 380, lakini huvuta ampea nyingi mno kutoka kwenye ile fezi moja. Laini yako ipimwe kwanza.

Hata bila kupandisha, upande wa kuingia huvuta zaidi ya upande wa kutoka, kwa sababu fezi moja inafanya kazi ya tatu na kapasita za ndani hunyonya umeme kwa mikupuo. Inveta ya 2.2 kW kwenye 240 V inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20. Usiichomeke kwenye plagi ya ampea 13. Ivutie waya wake wa 4 mm² na breka ya 32 A. Ya 0.75 kW inaweza kuvumilia plagi.

Na hili tafadhali lishike: mota ya fezi moja yenye kapasita, kama zile za pampu nyingi za nyumbani, haifungwi kwenye inveta ya aina hii. Kapasita itapigwa na mapigo ya haraka ya inveta, na kapasita au inveta, kimojawapo kitakufa. Badilisha mota iwe ya fezi tatu, au iache pampu kama ilivyo.

Mahali pa kuifunga ni jambo zito pwani kuliko bara. Inveta nyingi hutoa ampea zake kamili hadi joto la 40°C, baada ya hapo lazima uzipunguze. Kabati la chuma lililofungwa kabisa na kupigwa jua la Kaskazi hupita 50°C bila shida. Acha nafasi ya sentimita 10 juu na chini ya inveta, usiilaze ubavu, na kabati liwe na feni na kichungi. Halafu chumvi. Hewa ya bahari hupita kwenye matundu ya inveta ya IP20 (isiyokingwa dhidi ya vumbi wala maji), chumvi inatua juu ya kadi za elektroniki, unyevu wa usiku unaiyeyusha, njia za shaba zinaliwa. Kwenye kinu, ongeza unga unaoshikana na unyevu huo na kuziba feni. Ulizia inveta ambayo kadi zake zimepakwa vanishi ya kinga, au iliyofungwa kabisa ya IP66. Bei ni kubwa zaidi, lakini kwa walio karibu na maji ndiyo pesa iliyotumika vizuri.

Kwenye waya hakuna mengi, ila kosa moja halisameheki: umeme wa mita huingia R, S, T (au L na N), mota hutoka U, V, W. Ukiingiza umeme wa mita kwenye U, V, W, transista zinapasuka papo hapo. Waya wa ethi uende kwa inveta na kwa mota pia. Usiweke kapasita upande wa mota, wala kontakta ya kukata mota ikiwa inazunguka. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili upande wa U, V, W. Kubadilisha upande wa mita hakufanyi lolote. Ukitaka kupima nyaya za ndani ya mota kwa mega (kipimo cha kinga ya nyaya kinachotoa volti kubwa), itoe kwanza kwenye inveta.

Kebo ya mota ikizidi mita 50 hivi, kama kwenye kisima kirefu, weka choki ya kutokea, yaani koili kati ya inveta na mota. Mapigo ya inveta hugonga mwisho wa kebo na kurudi, volti zikafika karibu mara mbili ya DC ya ndani. Kwa umeme wa 415 V, DC ni kama 587 V, kwa hiyo vilele hupita 1,000 V. Mota iliyosukwa upya kwa waya wa kawaida haivumilii hayo kwa muda mrefu.

Kuipanga ni kuhamisha bati kuingia kwenye skrini. Kwenye inveta za Altivar za Schneider, kwa mfano wetu wa delta: bFr 50 (Hz za umeme), UnS 230 (volti za mota), FrS 50 (Hz za mota), nCr 8.6 (ampea), nSP 1425 (mizunguko), na ItH 8.6, ambayo ndiyo kinga ya joto la mota. Inveta nyingine zina majina mengine ya vitu hivyo hivyo. Wengi hubadilisha kasi tu na kuacha ItH ya kiwandani. Mota ikazidiwa, inveta haijui. Kisha ACC, sekunde za kupanda, na dEC, za kushuka: anza na 10 kwa zote mbili. HSP, Hz za juu kabisa, iache 50. LSP, Hz za chini kabisa, isiwe chini ya 25 kwa kinu au konveya, kwa kuwa feni iliyo kwenye shafti ya mota hupunguza upepo pamoja na mwendo, na mota inajipika yenyewe.

Pampu ya ndani ya kisima ina sharti lake. Beringi yake ya chini husimama juu ya utando wa maji, na utando huo haujengeki kwa mwendo mdogo. LSP iwe 30, na ifike 30 Hz ndani ya kama sekunde moja, yaani ACC ya 1.5.

Kuhusu kuokoa stima: kwenye 40 Hz pampu hutoa kama asilimia 80 ya maji, asilimia 64 ya presha, na hutumia kama asilimia 51 ya nguvu. Hesabu tamu, lakini tazama ile presha. Pampu inayosukuma hadi mita 30 ikiwa 50 Hz, kwenye 40 Hz inafika mita 19 tu. Tanki likiwa juu mita 22, hupati hata tone, na pampu inachemsha maji yale yale. Teremsha Hz kidogo kidogo ukitazama maji yanayotoka.

Inveta ikijizima, soma herufi kwenye skrini kabla ya kuiwasha tena; hizi ni za Altivar. OCF ni ampea zimezidi ghafla: ongeza ACC, au angalia kama kinu kimekwama. ObF huja wakati wa kusimama, mzigo mzito unaporudisha umeme kwenye inveta: ongeza dEC, au weka rezista ya breki. USF ni volti za mita zimeshuka. OHF ni joto, kwa hiyo kagua feni na kichungi. OLF ni mota kuzidiwa. Usiinue ItH ili uinyamazishe. Ile hiari ya kujiwasha yenyewe stima ikirudi iwe imezimwa kwenye kinu na msumeno, maana mkono wa mtu unaweza kuwa ndani.

Kabla ya kufungua kifuniko, zima breka, ngoja dakika 10, kisha pima volti kwenye vituo vya DC hadi zishuke karibu na sifuri. Na kwa anayenunua ya mtumba, au iliyokaa stoo zaidi ya mwaka: kapasita zake huwa zimelegea. Ukiipiga 415 V mara moja inaweza kupasuka. Fundi aipandishie volti polepole kwa variaki (transfoma ya kurekebisha volti) kwa saa kadhaa, bila mota.