Jibu la pili limejificha upande wa hasi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili. Tulipewa |3x − 6| = 12, tutafute seti ya majibu, kisha tofauti kati ya namba kubwa na ndogo kwenye seti hiyo. Nilipata 6 peke yake. Mwenzangu alipata 6 na −2, tofauti 4. Kitabu kinasema 8. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu kiko sahihi. Vile vistari viwili vilivyosimama vinauliza umbali kutoka sifuri, na umbali hauna hasi: Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, uwe unaenda au unarudi. Kwa hiyo kilichomo ndani, 3x − 6, kinaweza kuwa 12 au −12. Andika milinganyo yote miwili kabla hujakokotoa chochote:

3x − 6 = 12, x = 6
3x − 6 = −12, x = −2

Rudisha −2 mahali pake: −6 − 6 = −12, umbali wake 12. Limekubali.

Mwenzako aliteleza mwishoni tu, alitoa 6 − 2. Alitakiwa kuandika 6 − (−2), yaani 6 + 2 = 8. Mabano hayo nawasisitizia sana wanafunzi wangu, maana alama nyingi za mtihani hupotelea hapo. Chora mstari wa namba uhesabu hatua kutoka −2 hadi 6, utaziona nane.

Ukikutana na |x + 4| = −3, usihangaike: seti ni tupu.