Wasanii wenzangu walikuwa na njaa kama mimi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Kazi yako ikiwa ya vipindi, unaishije kipindi kikiisha?" Najibu nikiwa mbunifu wa jukwaa la maigizo hapa Dar es Salaam. Mama yangu mzazi akiulizwa na majirani nafanya nini, husema "anapambapamba", na mimi nilishaacha kumsahihisha.

Mwaka ukiwa mzuri napata maigizo matano. Kila moja hunishika wiki tano au sita: kusoma mswada, kukaa na mwongozaji, kuchora, kutengeneza jukwaa dogo la karatasi ngumu ambalo sentimita moja yake ni sentimita 25 za jukwaa lenyewe, halafu kujenga na kupaka rangi. Piga hesabu. Karibu nusu ya mwaka sina kazi, na hiyo nusu haiji kwa mkupuo ili mtu ajipange. Inakuja wiki mbili hapa, mwezi na nusu pale.

Miaka ya mwanzo, igizo likiisha nilikuwa nawapigia simu watu wa maigizo. Waongozaji, wa taa, wa mavazi, waigizaji niliowahi kufanya nao. Ilinichukua muda mrefu, naona haya kusema ni mrefu kiasi gani, kugundua kwamba nawaomba kazi watu ambao nao wamekaa nyumbani wakisubiri simu. Sisi wote hulia njaa mwezi ule ule.

Kilichonifungua macho ni deni. Nilikuwa nadaiwa shilingi 40,000 na fundi seremala wa Keko, mtu mzima ambaye hunikatia mbao za fremu. Nikaenda kumwomba anivumilie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepotea. Kazi?"

"Nipo nipo tu."

Hakusema kitu kuhusu deni. Akanionyesha simu: mteja amemtumia picha ya kabati, kaitoa mtandaoni, anataka "kama hili hili", ila chumba chake ni kidogo kuliko cha kwenye picha. Mafundi wengi pale hujenga kwa jicho, na jicho lao ni kali kweli, lakini mteja akikataa mzigo hasara ni ya fundi. Nikachukua tepu, nikachora kabati kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, vipimo vyote vikiwepo. Mteja akaona mchoro, akabadilisha mawazo kuhusu droo kabla ubao haujakatwa. Deni likapungua. Wiki iliyofuata fundi wa jirani akaja kuniulizia, na sasa mchoro mmoja Keko ni shilingi 15,000, kabati la jikoni zaidi.

Tangu hapo sijatafuta kazi kwa wasanii. Natafuta kwa watu ambao huwa nanunua kwao. Muuza vitambaa wa Kariakoo ndiye aliyenipeleka kwa wapambaji wa kumbi, kwa sababu alishaniona nikinunua vitambaa vya marekani kwa majora na akataka kujua vinakwenda wapi. (Wasiojua: kuta nyingi za jukwaani ni kitambaa hicho, kimewambwa kwenye fremu za mbao na kupakwa rangi. Jina tulilirithi kutoka kwenye vitambaa ambavyo meli za Wamarekani zilileta Zanzibar karne ya 19.) Kwa wapambaji sikujitambulisha kama mbunifu wa jukwaa. Hawana haja naye. Nilisema: naweza kupaka rangi plaiwudi ikaonekana marumaru, na naweza kukutengenezea nguzo inayovunjwa vipande vitatu ikaingia kwenye kenta. Hapo ndipo walipokaa vizuri kunisikiliza.

Harusi zina pesa. Lakini zina mambo mawili ambayo hakuna aliyenionya.

La kwanza ni kalenda. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi hawaoi Ramadhani. Mwaka 2025 vipindi hivyo viwili viliingia kwa kupishana siku chache, na 2026 vikaingia pamoja tena, katikati ya Februari. Ukitegemea harusi peke yake, hapo unalala njaa kwa dini zote mbili. Halafu Pasaka ikipita na Mfunguo Mosi ukiandama, harusi zinakuja zote kwa pamoja na hulali.

La pili limenigharimu zaidi. Harusi ni Jumamosi, na maonyesho ni Ijumaa na Jumamosi. Nilipoteza igizo moja zuri, la watu niliowapenda, kwa sababu Jumamosi yao ya kwanza nilishaiuza kwa sendoff. Ndiyo maana siku hizi nikipata kazi ya kujishikiza swali langu la kwanza ni la siku, la bei linafuata. Keko ni Jumatatu mpaka Alhamisi. Harusi nachukua za kutengeneza vitu tu: nakabidhi nguzo Alhamisi, wa kufunga wafunge wenyewe. Napata pungufu, lakini Jumamosi yangu inabaki mikononi mwangu.

Sabasaba nayo nimeipenda. Maonyesho yale ya Barabara ya Kilwa huanza mwishoni mwa Juni, kwa hiyo kuanzia Mei makampuni yanahangaikia mabanda. Mtu wa jukwaani pale yuko nyumbani: jenga haraka, kesha, pendezesha mbele, nyuma paache wazi, kisha bomoa bila kuvunja. Mwaka mmoja banda letu lilibomolewa pale Temeke, likapakiwa, na likafungwa tena Nzuguni, Dodoma, kwa ajili ya Nanenane. Hapo sikuchora hata mstari. Mwenye kazi alikuwa mtu mwingine, mimi nilikuwa deiwaka tu, kibarua wa siku, kama wanavyosema watu wa daladala, na sikuona ubaya. Ila kampuni ikikulipa hukata asilimia 5 ya malipo yako kuwa kodi ya zuio, basi ukitaja bei usijipunje.

Kuhusu malipo nina ukali mmoja. Kamati moja ya harusi iliniambia nianze, michango iko njiani. Nikanunua vitambaa kwa pesa ya kodi ya nyumba. Harusi ikafana, michango haikufika kwangu, na mwenyekiti hakupokea tena simu. Sasa pesa ya vifaa inatangulia, hata kwa shemeji yangu, ambaye mpaka leo amenuna.

Mnauliza pia kama kazi hizi haziui sanaa. Mimi zimenifundisha kupima. Zamani nilichora ngazi nzuri ambazo mwigizaji mwenye kanga hakuweza kushuka. Leo siwezi kukosea hivyo.

Naandika haya Keko, Jumanne, nimekalia mbao. Mteja anataka kabati la milango minne lifike darini. Tumepima dari: upande wa kushoto sentimita 262, kulia 258. Fundi anasema tupige filita juu, yaani kipande cha ubao cha kuziba mwanya, mimi nasema filita itapinda na kila mtu ataiona. Bado tunabishana.